Sikio la Mtoto na Mpangilio wa Meno: Uchunguzi Unaopaswa Kuwa Mmoja

Mtoto anayetokwa na usaha sikioni hupelekwa kwa mganga wa zahanati. Mtoto ambaye meno yake ya juu na ya chini hayakutani hupelekwa, kama anapelekwa kabisa, kwa tabibu wa meno. Katika pwani ya Mtwara, kuanzia Mikindani na Msanga Mkuu hadi Msimbati, na katika vijiji vya kando ya Mto Ruvuma kama Kitaya na Mahurunga, watoto hawa wawili huweza kuwa mtoto mmoja. Mwaka huu analetwa kwa sababu ya sikio. Miaka mitano baadaye, akiwa darasa la pili au la tatu, mwalimu au shangazi anagundua kwamba meno yake ya mbele yamejitokeza, au hayafungi, au taya la juu limekuwa jembamba hata magego yanapishana. Kadi ya kwanza imekwisha potea, na hakuna anayekumbuka kuuliza habari za sikio.

Makala haya yanaeleza jinsi sikio la kati na meno vinavyohusiana, mahali ambapo uhusiano huo una ushahidi na mahali ambapo watu wameutia chumvi. Yanaeleza pia njia iliyo fupi kuliko zote, hapa Tanzania, ya ugonjwa wa sikio kuishia katika kasoro ya meno. Njia hiyo haipiti katika mfupa wala katika msuli. Inapita katika wembe wa mtu anayeukata ufizi wa mtoto mchanga.

Mrija ulio nyuma ya pua

Nyuma ya kiwambo cha sikio kuna chumba kidogo chenye hewa, kiitwacho sikio la kati. Chumba hiki hakina dirisha la nje. Hewa yake huingia kwa mrija mwembamba unaoanzia sehemu ya juu ya koo, nyuma kabisa ya pua. Mrija huo ulielezwa na tabibu wa Italia, Bartolomeo Eustachi, katika karne ya 16, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Wakati mwingi umefungwa. Hufunguka mtu anapomeza mate au kupiga mwayo. Msafiri anayeteremka kutoka Newala kwenda bonde la Ruvuma huusikia ukifunguka kwa mlio mdogo ndani ya masikio.

Kwa mtu mzima mrija huu una urefu wa takriban milimita 36 na umeinama, hivyo makamasi hayaupandi kwa urahisi. Kwa mtoto mchanga una karibu nusu ya urefu huo, na umelala karibu sambamba na sakafu. Mafua yakimpata, utando wa ndani ya mrija huvimba, hewa hukosa njia, na viini vya ugonjwa vilivyokuwa nyuma ya pua hupata mahali pa kukaa. Hii ndiyo sababu magonjwa ya sikio la kati huwaandama zaidi watoto wa chini ya miaka miwili. Ifahamike pia kwamba mtoto mwenye kiwambo kizima hapati usaha wa sikio la kati kwa kuogelea baharini, hata akishinda majini siku nzima. Maji ya bahari huishia kwenye kiwambo. Ni pale kiwambo kinapokuwa kimetoboka ndipo maji huingia ndani na kuuchochea ugonjwa uliokuwapo tangu awali.

Msuli unaoufungua mrija huo ndio uleule unaolikaza kaakaa laini, sehemu ya nyuma ya paa la kinywa. Hapa ndipo kinywa na sikio vinaposhikana kwa mara ya kwanza. Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni wa watoto wanaozaliwa na mpasuko wa kaakaa: karibu wote hupata majimaji katika sikio la kati, kwa kuwa msuli wao hauna mahali pa kujishikiza sawasawa. Mzazi wa mtoto kama huyu huhangaikia kunyonya na kuongea, na mara nyingi hakuna anayemwambia kwamba masikio nayo yanahitaji kupimwa.

Mahali pa pili pa kushikana ni tezi iliyo karibu na mlango wa mrija, nyuma ya pua. Wataalamu huiita adenoidi. Watu wengi huiita nyama za pua. Mwaka 1868 daktari Wilhelm Meyer wa Copenhagen, nchini Denmark, alieleza kwamba wagonjwa wengi aliowaona wakiwa na usikivu hafifu, pua iliyoziba na mdomo ulio wazi, walikuwa na uvimbe wa tezi hii. Kila mtoto anayo. Hukua zaidi kati ya miaka mitatu na saba, kisha husinyaa taratibu kadiri mtoto anavyobalehe. Ikiwa kubwa kupita nafasi iliyopo, huziba pua kwa mbele na mrija wa sikio kwa pembeni. Kwa sikio, matokeo yake ni majimaji au usaha. Kwa meno, hadithi ni ndefu zaidi.

Mdomo unaobaki wazi

Taya la juu la mtoto hukua likiwa kati ya nguvu mbili. Mashavu hulisukuma kwa ndani, na ulimi, unapotulia juu kwenye kaakaa, hulisukuma kwa nje. Ulimi ni kama kalibu ya sonara: umbo la kaakaa hufuata umbo lake. Mtoto anayepumua kwa pua huufunga mdomo na ulimi wake hukaa mahali pake. Mtoto ambaye pua imeziba kwa miezi au miaka hana budi kuacha mdomo wazi ili apate hewa, na ulimi hushuka chini. Nguvu ya mashavu hubaki bila kipingamizi. Taya la juu huwa jembamba, kaakaa hupanda juu kama kuba, magego ya juu huingia ndani ya yale ya chini badala ya kuyafunika kwa nje, na meno ya mbele hukosa nafasi au hujitokeza. Taya la chini nalo huzungukia chini, uso ukaonekana mrefu.

Katika majaribio ya wanyama yaliyochapishwa mwaka 1981, watafiti waliziba pua za nyani wadogo ili wapumue kwa mdomo. Kasoro za meno na taya zilijitokeza, lakini hazikufanana kwa wote. Kila mnyama alibuni namna yake ya kushika taya na ulimi, na meno yakaifuata namna hiyo. Jambo hili lina maana kwa mhudumu wa afya. Asitarajie kuona sura moja tu ya mtoto mwenye pua iliyoziba. Mmoja atakuwa na meno ya mbele yasiyokutana, mwingine meno ya juu yaliyoyafunika kabisa ya chini, na mwingine atakuwa na meno yaliyonyooka vizuri tu.

Zipo sababu nyingine zinazogusa sikio na meno kwa pamoja. Kunyonya kidole au chuchu bandia kwa miaka mingi huyasukuma meno ya mbele na kuacha uwazi. Watafiti wa Finland, katika miaka ya 1990, waliona pia kwamba watoto wenye kutumia chuchu bandia walipata maambukizi ya sikio mara nyingi zaidi. Kulishwa kwa chupa mtoto akiwa amelala chali hurahisisha maziwa kufika kwenye mlango wa mrija. Maziwa ya mama hufanya kinyume cha hayo yote: humpa mtoto kinga dhidi ya viini, na kazi ya kunyonya titi huzoeza taya, midomo na ulimi kukaa mahali pake. Akina mama wa pwani wanaonyonyesha hadi mwaka wa pili, kama ilivyo desturi, wanayakinga masikio na meno kwa tendo moja, ingawa ni nadra kuambiwa hivyo kliniki.

Moshi nao una nafasi. Moshi wa sigara umethibitishwa kuongeza magonjwa ya sikio kwa watoto wanaoishi na mvutaji. Moshi wa kuni katika jiko lisilo na dirisha huwasha utando uleule wa pua na koo. Katika Mtwara kuna pia vumbi la salfa inayopulizwa kwenye mikorosho miezi ya katikati ya mwaka. Salfa huwasha macho na pua. Haileti usaha sikioni. Hata hivyo mtoto ambaye tayari ana pua iliyoziba hana sababu ya kumfuata baba shambani siku ya kupuliza.

Kilichothibitishwa, na kilichotiwa chumvi

Mwaka 1934 daktari James Costen wa St. Louis, Marekani, alidai kwamba taya linalofunga kupita kiasi, hasa kwa mtu aliyepoteza magego, huubana mrija wa sikio na kuleta uziwi na maumivu. Dai lilienea sana, na wataalamu wa meno wengi wakaanza kutibu masikio kwa kuinua meno. Baadaye wataalamu wa maumbile ya mwili walipopima upya walikuta maelezo yake hayasimami. Mwaka 2001 utafiti mwingine, kutoka Boston, ulionyesha kwamba watoto wadogo ambao meno yao ya juu yanayafunika mno ya chini walikuwa na hitilafu ya mrija wa sikio kwa karibu mara tatu ya wenzao. Matokeo hayo ni ya kuzingatiwa, lakini kuandamana kwa mambo mawili hakutoshi kuonyesha kwamba moja limeleta la pili. Huenda yote mawili yana mzazi mmoja, yaani umbo la uso alilorithi mtoto au pua iliyoziba.

Hadhari hiyo ina uzito zaidi Tanzania, kwa kuwa matatizo yote mawili ni ya kawaida. Utafiti wa wanafunzi 1,601 wa miaka 12 hadi 14 katika wilaya za Kinondoni na Temeke, uliochapishwa 2009, ulikuta kwamba takriban 64 kati ya kila 100 walikuwa na angalau kasoro moja ya mpangilio wa meno. Nyingi ni ndogo na hazihitaji tiba. Kuhusu masikio, utafiti wa shule za Dar es Salaam uliochapishwa 1996 uliona usaha sugu kwa watoto wa maeneo ya vijijini mara kadhaa zaidi ya wa mjini. Mambo mawili yaliyoenea kiasi hicho yatakutana kwa watoto wengi hata kama hayajuani.

Kwa hiyo mzazi asiahidiwe kwamba waya za meno zitakausha usaha. Wala asiambiwe kwamba mtoto aliyewahi kuumwa sikio mara mbili atakuwa na meno yaliyopinda. Anachoweza kuambiwa kwa uhakika ni hiki: sikio linalojirudia, pamoja na mdomo ulio wazi usiku na mchana, ni ishara kwamba nyuma ya pua pana jambo la kuchunguzwa, na miaka ya kati ya tatu na saba ndiyo miaka ambayo taya bado linajengwa.

Homa, sikio na "meno ya nailoni"

Njia fupi iliyotajwa mwanzoni huanza mapema zaidi, kabla jino lolote halijapinda kwa kuwa hakuna jino lililoota.

Mtoto wa miezi saba ana homa. Analia usiku. Anakataa titi baada ya kunyonya kidogo, kwa sababu kila anapovuta maziwa na kumeza, shinikizo la hewa katika sikio lililovimba hubadilika na kumuumiza. Anapeleka mkono shavuni au sikioni. Pengine anaharisha na kutokwa na mate mengi. Mama, au bibi, anafungua kinywa chake na kuona ufizi uliovimba na kupauka mahali ambapo chonge zitaota. Uvimbe huo ni wa kawaida: chonge za utoto huota kati ya miezi 16 na 22, lakini vichipukizi vyake huonekana chini ya ufizi miezi mingi kabla. Anayeuona siku ya homa hujiona amempata mwizi akiwa na kitu mkononi.

Imani kwamba uvimbe huo ni meno mabaya, yaitwayo "meno ya plastiki" au "meno ya nailoni", na kwamba yasipoondolewa mtoto atakufa, imeandikwa na watafiti wa Tanzania tangu miaka ya 1980. Imeonekana pia Uganda, Kenya, Sudan na Ethiopia. Ufizi hukatwa kwa wembe, kisu au chuma kilichochongoka, na kichipukizi cha jino hukung'olewa. Kinachotoka ni laini na cheupe, kwa kuwa jino halijakomaa kuwa gumu. Kwa anayetazama, hilo linathibitisha jina: kweli, ni plastiki.

Kinachoipa imani hii nguvu ni kwamba mara nyingine mtoto hupata nafuu kweli. Sababu yake iko sikioni. Usaha unapojaa nyuma ya kiwambo, maumivu huwa makali kwa siku moja, mbili au tatu. Kisha kiwambo hutoboka, usaha hutoka, shinikizo hushuka, na mtoto analala usingizi wa kwanza baada ya siku kadhaa. Maambukizi mengi ya sikio hupungua hata bila kutoboka. Ikiwa ufizi ulikatwa jana yake, sifa zote huenda kwa aliyekata. Usaha unaoonekana kwenye mto wa mtoto asubuhi huonwa kuwa ni uchafu uliotolewa na dawa. Hivyo familia hubaki na ushuhuda wa macho yao, na mtoto hubaki na magonjwa mawili: sikio lisilotibiwa na taya lililojeruhiwa.

Jeraha hilo huonekana baadaye. Nyuma ya chonge ya utoto kuna mbegu ya chonge ya kudumu, ambayo huanza kujengwa mtoto akiwa na miezi minne au mitano. Chuma kikizama kidogo tu, mbegu hiyo huharibika. Inaweza kufa kabisa, au jino likatoka likiwa na madoa na mashimo, au likaota nje ya mstari. Meno mengine hujongea kuelekea pengo, na katikati ya meno ya chini huhamia upande mmoja, yasilingane na ya juu. Hizo ni hasara za waliopona. Wapo wanaotokwa na damu nyingi, wanaopata maambukizi ya damu, pepopunda, au virusi vinavyosambaa kwa vyombo visivyochemshwa. Ukataji wa kimio, unaofanywa kwa watoto wenye kikohozi, una hatari hizohizo, na mkono ukiteleza hadi kwenye kaakaa laini huweza kuharibu msuli uleule unaoufungua mrija wa sikio.

Wazee wa uwanda wa Makonde wanakumbuka enzi za kuchonga meno kwa urembo. Kijana aliyechongwa alikuwa na rika lake, na alijua anachofanyiwa. Mtoto wa miezi saba hana rika wala kauli.

Mhudumu wa afya anayesikia neno "nailoni" hapati kitu kwa kukemea. Anayemleta mtoto mara nyingi ni bibi, na bibi amekuja kwa hofu ya kufiwa. Baada ya "shikamoo bibi" na "marahaba mwanangu", swali lenye faida ni rahisi: "Bibi, umefanya vyema kumleta mapema. Naomba kabla hatujazungumzia ufizi, tuangalie sikio pamoja." Bibi akishaoneshwa kiwambo chekundu kilichotuna kwa kifaa cha kumulikia, au usaha kwenye kitambaa, homa inakuwa na mwenyewe. Asipokutwa na ugonjwa wa sikio, bado homa ina chanzo kingine: malaria ipimwe kwa kipimo cha haraka, na kifua, mkojo na kuharisha viangaliwe. Kuota meno peke yake hakuleti homa kali.

Katika chumba cha zahanati

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa huduma kwa mtoto mgonjwa, unaojulikana vituoni kwa jina la IMCI, unataka kila mtoto wa miezi miwili hadi miaka mitano aulizwe kuhusu sikio, hata kama ameletwa kwa jambo jingine. Mtoto mwenye maumivu ya sikio, au usaha uliotoka kwa chini ya siku 14, hupewa amoksilini mara mbili kwa siku kwa siku 5, kwa kipimo kinacholingana na uzito wake, pamoja na parasetamoli. Usaha uliotoka kwa siku 14 au zaidi ni ugonjwa sugu. Huo hautibiwi kwa vidonge vya antibiotiki vinavyorudiwa mwezi hadi mwezi. Hutibiwa kwa kukausha sikio na kutia matone ya dawa ya kundi la kwinoloni, kama siprofloksasini, mara tatu kwa siku kwa wiki mbili. Katika hali zote mbili mtoto arudi baada ya siku 5. Uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio ni dharura: dozi ya kwanza itolewe hapohapo na mtoto apewe rufaa siku hiyohiyo.

Kukausha sikio kunafanyika nyumbani, na kunafanyika vibaya kuliko dawa yoyote. Mama aoneshwe, kisha afanye mwenyewe mbele ya muuguzi. Kipande cha kitambaa safi cha pamba, au karatasi laini isiyochanika upesi, kinasokotwa kuwa utambi, kinaingizwa taratibu, kinaachwa kinyonye, kinatolewa kikilowa, kingine kinaingizwa hadi utambi utoke mkavu. Ndipo matone yanatiwa. Dawa inayotiwa juu ya usaha inaogelea tu. Njiti ya kiberiti, unyoya wa kuku na kijiti chenye pamba visiingizwe. Mafuta ya nazi, maziwa ya mama na maji ya majani yasitiwe, na mtoto asizamie majini hadi sikio likauke.

Mpaka hapo ni kazi iliyozoeleka. Nyongeza inayopendekezwa ni kwamba mhudumu aliyeshika taa ya kumulika sikio aishushe taa hiyo kinywani kabla ya kuizima. Mtoto afungue mdomo: je, kaakaa ni pana au limepanda juu? Ang'ate meno yake pamoja, huku midomo imefunuliwa: je, magego ya juu yako nje ya ya chini pande zote mbili? Meno ya mbele yanakutana? Chonge zote nne zipo, au kuna kovu kwenye ufizi? Kisha midomo ifungwe na kipande kidogo cha uzi wa pamba kishikwe chini ya tundu moja la pua, halafu la pili. Uzi usipotikisika, hewa haipiti. Swali la mwisho ni la mama: "Usiku analala mdomo wazi? Anakoroma? Kuna wakati pumzi inakatika kisha anashtuka?" Mtoto anayekatika pumzi usingizini hana muda wa kusubiri. Apelekwe kwa mtaalamu hata kama masikio na meno yake ni mazima.

Mwenye usaha sugu ambao haukukauka kwa wiki mbili za tiba iliyofanywa sawasawa, au mwenye dalili za pua iliyoziba pamoja na meno yanayopishana, apewe rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyopo Mitengo. Rufaa iandikwe mambo yote mawili katika karatasi moja. Nauli ya kutoka Kitaya au Msimbati hadi mjini si jambo dogo kwa kaya inayosubiri msimu wa korosho. Mzazi akitumwa mara ya kwanza kwa sikio na mara ya pili kwa meno, safari ya pili kwa kawaida haifanyiki.

Usikivu nao upimwe. Sikio lenye majimaji lisilouma humfanya mtoto asikie kama mtu aliyeziba masikio kwa vidole. Sauti nzito anazipata; zinazopotea ni zile nyembamba kama s na f, hata "saa" na "faa" zikawa neno moja. Katika vijiji vya Ruvuma wapo watoto wanaolikuta darasa la kwanza wakiwa wamezoea zaidi Kimakonde cha nyumbani kuliko Kiswahili cha mwalimu. Anayejifunza lugha ya shule huku nusu ya herufi zake hazimfikii huonekana mzito wa akili, na akikaa dawati la nyuma na mdomo wazi, sura yake inamsaidia mwalimu kuamini hivyo. Kumhamishia dawati la mbele hakuna gharama, na kufanyike siku tatizo linapojulikana, bila kusubiri majibu ya hospitali.

Chanjo ya nimonia itokanayo na bakteria wa numokokasi, ambayo Tanzania inaitoa kwa watoto wachanga tangu 2013, hukinga pia sehemu ya maambukizi ya sikio. Mzazi mwenye kadi isiyojaa anaweza kuelezwa faida hiyo ya pili.

Mtoto aliyekwisha kukatwa ufizi

Watoto hawa wapo, na wazazi wao huficha kwa aibu. Mhudumu akikuta kovu au pengo la chonge, aulize bila lawama na aandike umri aliokatwa. Kwa mtoto mdogo hakuna cha kung'oa wala cha kunyoosha. Kinachotakiwa ni kuyatunza meno yaliyobaki, kwa sababu gego la utoto likitoboka na kung'olewa mapema pengo litaongezeka juu ya pengo. Kupiga mswaki kwa dawa yenye floraidi, asubuhi na kabla ya kulala, ndiyo tiba ya miaka hiyo.

Umri wa kumrudisha ni kati ya miaka tisa na kumi. Chonge za chini za kudumu huota takriban miaka 9 hadi 10, na za juu miaka 11 hadi 12; kabla ya hapo picha ya eksirei inaweza kuonyesha kama mbegu ya jino ipo, imekufa, au imelala upande. Mtaalamu akiliona mapema jino lililolala vibaya anaweza kulifungulia njia kwa hatua ndogo. Akiliona mtoto ana miaka 15, kazi ni kubwa na gharama yake ni ya watu wachache. Tarehe ya kurudi iandikwe kwenye daftari la mtoto kwa mwaka na mwezi, na masikio yake yaangaliwe tena siku hiyohiyo.